Dondoo muhimu: Zorki 4 ya zamani, uifufue au uiache?

Zorki 4, kamera ya filamu iliyotengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia 1956 hadi 1973, haihitaji betri. Kwangu, hilo pekee linaipa haki ya kukaguliwa kabla ya kutupwa.

Anza na shata, ndiyo roho yake. Ni mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira; kamera ikiachwa bila kifuniko, lenzi ikitazama jua, miale huyatoboa. Vua lenzi na mgongo, kisha mulika tochi gizani. Vitundu vikionekana kama nyota, picha zitatoka na madoa meupe. Mapazia hubadilishwa, ila ujira wa fundi unaweza kuzidi bei ya kamera.

Usizungushe kamwe kirungu cha kasi kabla ya kuvuta filamu: unaweza kuharibu mtambo.

Kisha kagua kipimaumbali: rudisha lenzi, iweke kwenye alama ya umbali usio na kikomo, ulenge mnara wa mbali. Picha mbili kwenye kidirisha zioane. Zisipooana, ni marekebisho madogo.

Lenzi ina ukungu? Badilisha lenzi tu. Mdomo wa kamera wa skrubu wa milimita 39 hupokea nyingine nyingi.

Mwisho, ulizia wanaosafisha filamu mjini kwako. Kama hakuna, usitumie hata senti kuitengeneza.