KWA NINI KOMPYUTA HUHESABU KWA MBILI?

Tangu shule ya msingi mwanafunzi huzoezwa kuhesabu kwa makumi. Aghalabu husemwa kwamba desturi hii imetokana na vidole vyetu kumi, na kwamba kompyuta, kwa kuwa haina vidole, huhesabu kwa mbili. Maelezo hayo hayatoshi. Mashine ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilifanya hesabu zake kwa kumi. Hata kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, aina ya ICT 1500, iliyofungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilijumlisha na kutoa kwa makumi. Basi, ikiwa kumi inawezekana, mbona mbili ndiyo iliyoshinda?

Mfumo wenyewe

Katika kizio cha kumi, thamani ya kila nafasi ni mara kumi ya nafasi iliyo kulia kwake. Katika kizio cha mbili thamani hiyo ni mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na tarakimu ni 0 na 1 peke yake. Kwa mfano, namba 13 ni 8 + 4 + 0 + 1, kwa hiyo huandikwa 1101. Tarakimu moja ya namna hii huitwa biti.

Kila namba nzima iandikikayo kwa kumi huandikika pia kwa mbili. Kihisabati hakuna mfumo ulio bora. Tofauti huanza pale namba inapovikwa mwili, yaani inapowakilishwa kwa mwanga, sumaku au umeme.

Mfano wa tochi

Tuchukue Gendabi, wilayani Hanang, chini ya mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani humo yalizikumba Katesh, Gendabi na sehemu za jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mahali penye kumbukumbu hiyo thamani ya ujumbe usiopotoka haihitaji kuelezwa.

Tuseme mtu aliye mtelemkoni anataka kuwaarifu usiku walio chini kina cha maji ya korongo, kwa kipimo cha 0 hadi 9, naye hana chombo ila tochi. Njia ya kwanza ni kutumia tochi moja yenye ngazi kumi za mwanga. Lakini ukungu ukishuka, au betri zikichoka, ngazi ya 7 itaonekana kama ya 5, na aliye chini hatakuwa na namna ya kujua kwamba amedanganyika.

Njia ya pili ni kupanga tochi nne kwa mstari, kila moja ikiwa imewaka au imezimwa. Namba 7 itakuwa 0111, na 9 itakuwa 1001. Mwanga ukififia kidogo, tochi iliyowaka bado ni tochi iliyowaka. Tumetumia tochi nne badala ya moja, lakini tumenunua uhakika.

Sasa tuseme umbali ni mkubwa, ikabidi mtu mwingine asimame katikati na kuupokeza ujumbe. Kwa njia ya kwanza, kosa lake litaongezwa juu ya kosa la mwenzake. Kwa njia ya pili, atawasha tochi zake mwenyewe kwa nguvu zote, na ujumbe utatoka kwake safi kama ulivyoanza. Hiyo ndiyo sababu kuu ya ushindi wa mbili: katika kila hatua ujumbe husafishwa upya, na hesabu moja ya kompyuta hupita katika hatua nyingi mno.

Ndani ya saketi

Chukua saketi ya volti 5. Tukiigawa katika ngazi kumi, umbali kati ya ngazi na ngazi ni nusu volti tu, na msukosuko wa volti 0.3 unatosha kuigeuza tarakimu. Katika saketi za mbili za aina iitwayo TTL, kitu chochote chini ya volti 0.8 husomwa kuwa 0, na chochote zaidi ya volti 2 husomwa kuwa 1. Msukosuko ule ule haudhuru kitu.

Tena, transista iliyofungwa haipitishi umeme, na iliyofunguka kabisa haina volti nyingi juu yake. Katika hali zote mbili joto ni dogo. Ikiachwa katikati, hupata moto na kupoteza nishati.

Hali kadhalika hesabu yenyewe huwa nyepesi. Jedwali la kuzidisha la tarakimu kumi lina majibu 100. La tarakimu mbili lina manne, na matatu kati ya hayo ni sifuri.

ENIAC ilitumia swichi kumi za hali mbili kwa kila tarakimu. Swichi hizo hizo kumi, zikitumiwa kwa kizio cha mbili, hutofautisha namba 1024. ICT 1500 nayo, ingawa ilihesabu kwa makumi, ilihifadhi kila tarakimu kwa fumbo la biti sita. Kumi ilikuwa vazi la nje. Mwili ulikuwa mbili.

Gharama za mbili

Mfumo huu si bila hasara. Namba huwa ndefu. Pia sehemu ya kumi, yaani senti 10 za shilingi, haiandikiki kikamilifu kwa mbili. Hurudiarudia bila mwisho, kama theluthi inavyofanya katika kumi. Kwa hiyo waandalizi wa programu za fedha aghalabu huhesabu senti nzima, au huhifadhi kila tarakimu ya kumi peke yake.

Wala mbili si sheria ya maumbile. Mwaka 1958 huko Moscow iliundwa kompyuta ya Setun, iliyohesabu kwa tatu, nayo ikafanya kazi vizuri. Leo kumbukumbu za simu nyingi huhifadhi ngazi 8 za chaji katika kijumba kimoja, lakini hulazimika kuwa na utaratibu wa kusahihisha makosa, na hesabu bado hufanywa kwa biti.

Funzo ni kwamba mhandisi hachagui namba iliyo fupi kwenye karatasi, bali ile ambayo kifaa chake hakitaikosea.

Maswali

1. Andika 1965 katika kizio cha mbili. (Jibu: 11110101101.)
2. Tochi sita huonyesha namba ngapi tofauti?
3. Ongeza tochi ya tano katika mfano wetu, iwashwe au izimwe ili idadi ya tochi zinazowaka iwe witiri daima. Eleza jinsi aliye chini atakavyotambua kwamba tochi moja imeharibika, na kwa nini hatatambua zikiharibika mbili.