Lori Likizima Njiani: Umeme au Mafuta?



Karafuu mbichi haimsubiri fundi. Ikishachumwa yataka kuanikwa upesi. Ikilala gunia juu ya gunia hupata moto, ikanyauka na kupauka, na bei yake kituoni hushuka. Kwa hiyo lori bovu njiani si hasara ya mwenye lori peke yake, bali ni ya wote waliopakia. Wapo kati yetu wanaotumia malori ya zamani ya petroli, yenye kabureta na platini. Somo hili lahusu hayo.

Msimu mmoja lori letu lilizima kati ya Konde na Wete, limejaa karafuu mbichi. Tulidhani ni mafuta. Tukafungua pampu, tukasafisha kabureta, hata jua likatua. Kumbe ni waya mwembamba wa koili uliolegea! Kazi ya dakika tano ilituchukua muda wa saa nne, na magunia kadhaa yakaharibika. Tokea siku ile tumeshika kanuni moja: tusifungue kitu kabla ya kujua ugonjwa uko upande gani.

1. Lilizima vipi?

Lori likikatika ghafula, kama taa iliyopulizwa, tazama umeme kwanza. Likikohoa, likashindwa kupanda mlima, kisha likafa polepole, yaelekea ni mafuta. Dalili hii si hukumu, ila huonyesha pa kuanzia.

2. Umeme

Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana na stata ikazunguka kwa uvivu, betri ni dhaifu au vichwa vyake vina kutu. Vikwangue na kuvikaza, pamoja na waya uliofungwa kwenye bodi. Mwenye kipimo apime: betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa.

Stata ikizunguka vizuri, chomoa waya mnene wa koili kwenye kifuniko cha distibuta. Ushike kwa koleo yenye mipini ya mpira, ncha yake iwe karibu milimita 6 kutoka chuma cha injini, na mwenzio apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo kabisa, kaza nyaya nyembamba za koili, kisha tazama platini. Ziwe safi, na mwanya wake katika malori mengi ya namna hii ni karibu milimita 0.4, kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Siku ya mvua, anza kwa kupangusa unyevu ndani ya kifuniko cha distibuta.

3. Mafuta

Cheche ikiwa nzuri, ndipo uje kwenye mafuta. Tumbukiza kijiti kikavu tangini, wala usiiamini geji ya zamani. Ukifungua kifuniko cha tangi ukasikia hewa ikivutwa ndani, na baadaye lori likawaka, basi tundu la hewa la kifuniko limeziba. Lizibue kwa sindano.

Kama bado, chomoa waya wa koili usitoe cheche, fungua bomba la mafuta kwenye kabureta, lielekeze ndani ya kopo safi, kisha piga stata. Petroli ikiruka kwa mapigo, pampu ni nzima, safisha kabureta. Isipotoka, ama chujio limeziba, ama bomba lavuta hewa, ama ngozi ya pampu imepasuka. Liache kopo litulie: kama mna maji, yatakaa chini ya petroli.

4. Hadhari

Usijaribu cheche bomba la mafuta likiwa wazi. Usimimine petroli kwenye kabureta huku stata ikipigwa, kwani moto waweza kukurukia usoni. Usivute petroli kwa mdomo. Wala dumu la petroli lisipakiwe pamoja na karafuu, kwa maana karafuu hushika harufu upesi.

Kila lori lichukue kopo la akiba: fyuzi, plagi, platini, kondensa, kipande cha waya, msasa, bisibisi na kitambaa kikavu. Na kabla ya msimu, tuwasomee madereva na utingo wetu somo hili, kwani wao ndio watakaokuwa njiani mvua itakaponyesha.