Barua kwa Mbunge: Mwanajeshi Mstaafu wa Marekani Aombe Nini, na kwa Nani

Manung'uniko ya wanajeshi wastaafu wa Marekani dhidi ya wabunge wao hufanana sana: barua hupelekwa, jibu la adabu hurudi likiwa na saini na shukrani kwa utumishi uliotukuka, kisha miezi hupita bila jambo lolote kubadilika. Sehemu kubwa ya uchungu huo hutokana na mbunge kuombwa kitu asichokuwa na mamlaka nacho, ilhali kile anachoweza kukifanya hakiombwi, au huombwa kwa namna isiyomwezesha kukifanya.

Fidia ya ulemavu, yaani malipo ya kila mwezi kwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi wa kijeshi, huamuliwa na Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo iko chini ya Rais wala si chini ya Bunge. Ulemavu hupimwa kwa asilimia zinazopanda kwa kumi kumi, kuanzia 0 hadi 100, na hakuna mbunge awezaye kuiongeza hata hatua moja au kutengua uamuzi wa rufaa. Uwezo wake katika shauri la mtu mmoja ni kuulizia: ofisi yake ina watumishi wanaofuatilia matatizo ya wapiga kura katika idara za serikali, na swali lao huhitaji kujibiwa, jambo linaloweza kufufua jalada lililosahaulika.

Kuchagua mlango

Mkazi wa jimbo lolote, liwe Texas au Ohio, ana watu watatu wa kuwaendea katika Bunge la taifa: mwakilishi mmoja wa eneo lake la uchaguzi na maseneta wawili. Wajumbe wa bunge la jimbo hawana kauli juu ya fidia hii, na wengi hupigwa danadana kwa sababu tu walianzia huko. Ni busara kuchagua ofisi moja kati ya hizo tatu, kwa kuwa maswali ya ofisi mbili kuhusu jalada lile lile hugongana na kuwachelewesha wanaoyajibu.

Ofisi hiyo haiwezi kuanza kazi kabla ya mhusika kutia saini fomu ya ridhaa, kwa sababu Sheria ya Faragha ya mwaka 1974 huizuia idara kumpa mtu mwingine taarifa binafsi bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Simu pekee haitoshi, na mke, mume au mtoto anayeuliza kwa niaba ya mstaafu hukwama hapo hapo.

Nyaraka na swali

Hati ya kwanza ni DD 214, cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho nakala yake ndefu huonyesha pia sifa ya utumishi, yaani kama mtu aliondoka kwa heshima au la. Nakala fupi huficha sehemu hiyo, na anayeiambatisha huombwa nyingine. Haki hizi hufuata utumishi, si mahali alipozaliwa mtu, hivyo mhamiaji kutoka Afrika Mashariki aliyelitumikia jeshi hilo hupita njia ile ile. Kwa wazee, jalada lenyewe huenda halipo tena, kwani moto uliounguza kituo cha kumbukumbu karibu na St. Louis tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya jeshi la nchi kavu na la anga.

Barua inayosema kwamba mstaafu amechoka kuzungushwa huvuta huruma lakini haina cha kujibiwa. Barua inayofaa hutaja tarehe ya dai na hatua ya mwisho inayojulikana, kisha huuliza jambo moja: je, ripoti ya uchunguzi wa daktari imeingizwa kwenye jalada, na kama haijaingizwa, iko kwa nani?

Muda hausimami

Barua kwa mbunge haisimamishi muda wa kupinga uamuzi, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Tangu Februari 2019 njia ni tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, mapitio ya afisa wa ngazi ya juu kwa ushahidi ule ule, au rufaa kwa Bodi ya Rufaa, ambako mwenye umri wa miaka 75 au zaidi, mgonjwa mahututi au aliyebanwa sana na ukata anaweza kuomba asogezwe mbele ya foleni. Vyama kama American Legion na Disabled American Veterans vina wawakilishi wenye kibali wanaosaidia kazi hii bila malipo.

Pale sheria yenyewe inapomnyima mstaafu haki, swali la ofisi ya mbunge halifiki mbali, na hapo ndipo kura yake Bungeni inapohitajika. Waliougua baada ya kuvuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka nchini Irak na Afghanistan walikataliwa kwa miaka mingi kwa kukosa uthibitisho wa chanzo cha maradhi, mpaka sheria iitwayo PACT ilipopitishwa. Muswada wake ulipokwama katika Seneti mwishoni mwa Julai 2022, wastaafu walikesha kwenye ngazi za jengo la Bunge, na tarehe 2 Agosti ukapita kwa kura 86 dhidi ya 11.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua nyingine, mstaafu aisome upya barua ya uamuzi, kwa maana sababu ya kukataliwa imeandikwa humo: ukosefu wa ushahidi humpeleka kwa daktari, jalada lililokwama humpeleka kwenye ofisi ya mbunge, na pengo la sheria humpeleka kwa wenzake waliokataliwa kwa sababu hiyo hiyo, wamwendee mbunge kwa pamoja.