Mbwa Mzee Katika Nyumba Mpya: Mwongozo kwa Kaya za Waswahili Mjini Dubai

Dubai ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Mkataba wa kazi unapokwisha, samani huuzwa, gari huuzwa, na mara nyingine mbwa aliyeishi na watu wake miaka mingi huachwa nyuma. Mbwa wa namna hiyo hupokewa na vituo vya kuokoa wanyama. Kimojawapo ni K9 Friends, shirika la kujitolea lililoanzishwa Dubai mwaka 1989. Wanaotafuta mbwa wa kufuga huwachagua watoto wa mbwa kwanza, wazee hubaki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya inayofikiria kumchukua mbwa mzee. Unaeleza jinsi ya kumkaribisha bila kuhatarisha afya ya watu wa nyumbani, na bila kumfanya mnyama huyo aachwe mara ya pili.

Mbwa mzee ni yupi?

Mbwa wa umbo kubwa huhesabiwa mzee akifika miaka 6 au 7. Wa umbo dogo huchelewa hadi miaka 9 au 10. Dalili zake ni mvi puani na usoni, macho yenye ukungu, usikivu uliopungua, meno mabovu, na ugumu wa viungo anapoinuka asubuhi. Hazina yake ni utulivu. Umbo lake na tabia yake vimekwisha kukamilika, kwa hiyo watu wa kituo wanaweza kuieleza familia ni mbwa wa aina gani: kama anapatana na watoto, kama huwaogopa wanaume, kama amezoea kuishi ndani. Mtoto wa mbwa ni kitendawili. Mbwa mzee jibu lake linajulikana.

Kabla ya kukubali

Uamuzi huu ni wa kaya nzima. Mfano wake ni familia inayoishi ghorofani: baba, mama, watoto wawili, na bibi aliyekuja kutoka Mombasa. Watoto wanamtaka mbwa. Lakini atakayekuwa naye mchana kutwa ni bibi, na huenda hakuulizwa. Mbwa akija bila ridhaa ya bibi, kila siku italeta ugomvi, na mwisho wake unajulikana: mbwa atarudishwa. Kwa hiyo maswali yafuatayo yajibiwe na wote, wakiwa wameketi pamoja.

1. Je, mkataba wa kupanga uliosajiliwa Ejari unaruhusu mbwa? Majengo mengi ya ghorofa hukataza. Ruhusa ya mdomo haitoshi; mwenye nyumba aitoe kwa maandishi.
2. Nani atamtoa nje alfajiri na usiku, kila siku, bila kukosa?
3. Je, kipato cha familia kinamudu chanjo, vipimo vya damu, dawa za viungo na usafishaji wa meno? Mbwa mzee anafaa kuonwa na daktari wa wanyama mara mbili kwa mwaka.
4. Familia ikienda likizo nyumbani kwa mwezi mzima, mbwa atakaa kwa nani?
5. Kazi ikikoma ghafla, mpango ni upi?

Kaya ikikosa jibu la swali moja, kukataa ni uamuzi wa hekima. Yeyote aliyeguswa na hali ya wanyama hao anaweza kuulizia vituoni namna nyingine ya kusaidia, kama vile kujitolea kuwatembeza.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Shirikisho Na. 22 ya mwaka 2016 inamtaka mwenye mbwa amsajili, amchanje, na amfunge kamba kila anapokuwa naye mahali pa umma. Anayekiuka hutozwa faini kubwa. Aina fulani, kama pit bull, haziruhusiwi kufugwa majumbani. Mjini Dubai usajili husimamiwa na Manispaa: mbwa huwekwa chipu ndogo chini ya ngozi, huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na huvalishwa kibati cha Manispaa kwenye kola yake. Kabla ya kutia saini karatasi za kumchukua, familia iombe kuona daftari la chanjo na namba ya chipu, kisha ihakikishe kwamba usajili umehamishiwa kwa mwenye mbwa mpya.

Tahara na usafi

Waswahili wengi Waislamu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Maliki wana kauli nyingine. Wanachuoni pia wana maelezo kuhusu kumweka mbwa nyumbani pasipo haja ya ulinzi, mifugo au uwindaji. Hayo ni masuala ya kupelekwa kwa sheikh anayeaminiwa na familia, na yaulizwe kabla mbwa hajaja, si baada. Pamoja na hayo, kila Mwislamu anaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Huruma kwa mnyama haina mgongano na tahara.

Hapa maelekezo ya afya na desturi ya tahara vinakutana. Mbwa awe na vyombo vyake, sifongo yake na taulo yake, visichanganywe na vya jikoni. Chumba cha kuswalia kifungwe mlango, na miswala na kanzu vitundikwe asikoweza kufika. Kinyesi kiokotwe kila mara kwa mfuko, kwa sababu mayai ya minyoo huweza kuingia mwilini mwa mtoto anayechezea mchanga. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mbwa apewe dawa ya minyoo na kinga ya kupe kwa ratiba ya daktari. Kupe husambaza magonjwa ya damu yanayomdhoofisha sana mbwa mzee.

Siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mzee siku ya tatu ni mapema mno. Walezi wazoefu wa mbwa walioachwa huhesabu kwa vipindi vitatu.

*Siku tatu za kwanza* mbwa huweza kukataa chakula, kujificha chini ya meza, kukojoa ndani au kulala mchana kutwa. Huo si ujeuri wala ugonjwa wa lazima; ni hofu ya aliyepoteza kila alichokijua. Apewe kona moja tulivu, godoro nene kwa ajili ya viungo vyake, na maji karibu. Wageni wasiitwe kumwona. Hata hivyo, asipokunywa maji siku nzima, au akitapika mfululizo, apelekwe kwa daktari.

*Wiki tatu* humtosha kuijua ratiba. Chakula kiwe saa zile zile, matembezi njia ile ile. Sakafu ya vigae humtelezesha mbwa mwenye viungo vigumu, basi itandikwe mikeka yenye kushika. Asiyeona vizuri asihamishiwe vyombo wala kubadilishiwa mpangilio wa samani. Akikosea, asipigwe, aelekezwe kwa sauti ya chini, na akipatia atunzwe kwa kipande cha chakula.

*Miezi mitatu* ndiyo humpa uhakika kwamba hapa ni kwake. Ndipo tabia yake halisi huonekana. Familia isihukumu kabla ya hapo.

Watoto na hatari ya kuumwa

Hatari kubwa ya mbwa mzee si ukali bali ni kushtuka. Asiyesikia na asiyeona vizuri, akiguswa usingizini, huuma kabla hajajua ni nani. Na penye maumivu ya kiuno au jino, hata mkono wa mapenzi huumiza. Watoto wafundishwe mambo manne: wasimguse akiwa amelala, wasimkaribie anapokula, wasimkumbatie shingoni, na wamfikie kwa mbele huku wakipiga mguu sakafuni taratibu ili ahisi mtikisiko. Mtoto mdogo asiachwe na mbwa peke yake, hata kwa dakika moja.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizo ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Kabla ya dalili, huzuilika. Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na daftari la chanjo la mbwa, kama lipo. Kupaka mafuta ya taa, pilipili au majani hakuzuii ugonjwa; huchelewesha tiba.

Joto

Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, serikali hukataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana. Mbwa mzee anahitaji kinga ndefu zaidi. Msimu huo atolewe kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama. Mwenye mbwa aweke mgongo wa mkono wake juu ya lami kwa sekunde saba. Akishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Akihema kwa nguvu, akitokwa na udenda mwingi, akipepesuka au kutapika, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi ya kawaida, apepewe, na akimbizwe kwa daktari bila kusubiri apate nafuu.

Chakula na dawa

Makombo ya karamu si sadaka kwa mbwa. Vitunguu vya pilau, vitunguu saumu, zabibu kavu za biriani na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa humtoboa utumbo. Kokwa za tende humkwama. Mwezi wa Ramadhani, sinia za futari ziondolewe sakafuni mapema. Dawa za binadamu, hasa paracetamol na ibuprofen, asipewe kamwe, hata akionekana kuumwa viungo. Huweza kumuua.

Ahadi hadi mwisho

Anayemchukua mbwa wa miaka 10 anajua kwamba safari ni fupi. Watoto waambiwe ukweli huo tangu mwanzo, kwa maneno ya upole. Na ikiwa familia italazimika kuhama nchi, mipango ianze miezi kadhaa kabla, kwani kila nchi ina masharti yake ya vibali, chanjo na vipimo. Asiyeweza kusafiri naye akirudishe kituoni kile alichomtoa, au ampatie mlezi mwingine na kumhamishia usajili. Asimwache barabarani wala kumfungia katika nyumba aliyoihama.

Maswali ya kujipima

1. Bibi wa nyumba ameulizwa, na jibu lake limesikilizwa?
2. Ruhusa ya mwenye nyumba iko kwa maandishi?
3. Kila mtoto anaweza kutaja mambo manne ya kuzingatia mbele ya mbwa?
4. Kila mtu mzima anajua la kufanya katika dakika 15 za kwanza baada ya kuumwa?
5. Jina la atakayemlea mbwa familia isipokuwepo limeshaandikwa?

Kaya inayojibu ndiyo kwa yote matano iko tayari. Mbwa atakayeingia kwake hatakuwa na miaka mingi ya kuishi, lakini miaka hiyo hataimalizia kizimbani.