Beseni la mtoto, na kichwa kinachouma tangu Jumamosi

SWALI: Nina miaka 24, naishi Kihonda, Morogoro, na hii ni mimba yangu ya kwanza. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 10 Machi. Naomba unitajie vitu vya kumwandalia mtoto, maana kila ninayemuuliza ananitajia vyake, na fedha yenyewe ni ya kuungaunga. Mama mkwe naye hataki ninunue chochote kabla sijajifungua, anasema ni kujitafutia mkosi. Hali yangu ni nzuri tu, ila kiungulia kinanisumbua usiku, miguu imevimba, pete imenibana hadi nimeivua kwa sabuni, na kichwa kinauma tangu Jumamosi. Nimemeza dawa ya maumivu haikusaidia. Nadhani ni joto. (Mama Kijacho, Morogoro)

JIBU: Uliniuliza habari za beseni na nepi, lakini mimi nilipofika kwenye ile pete niliacha kusoma, nikatafuta namba yako chini ya barua na kukupigia. Sikuweza kungoja safu itoke. Umeniruhusu nieleze kilichofuata, nami nakushukuru, kwa sababu najua wako wengi wenye pete kama yako.

Ulikwenda kliniki jioni ileile. Presha yako ilikuwa 152 kwa 98. Kwa mjamzito, ikishafika 140 kwa 90 tunashtuka. Mkojo ulikuwa na protini. Ukalazwa, ukapewa dawa ya kushusha presha, ukachomwa sindano za magnesiamu salfeti za kuzuia degedege, damu ikapimwa kuangalia figo na ini. Kichwa kikatulia, na baada ya siku tano umeruhusiwa kurudi nyumbani, ukiwa na vidonge na agizo la kupimwa mara mbili kwa wiki. Neno walilokuandikia kwenye kadi ni la Kiingereza. Kwa lugha yetu hiyo ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba.

Ugonjwa huu haukutokana na joto, chumvi wala mawazo, na hakuna aliyekuroga. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya kulilisha kondo ilipaswa kutanuka vizuri mimba ilipokuwa changa, na kwako haikutanuka vya kutosha. Kondo likikosa damu humwaga kwenye mwili wa mama vitu vinavyoumiza kuta za mishipa yake yote. Figo huanza kuvujisha protini. Maji hutoka ndani ya mishipa na kujaa vidoleni na usoni. Ini nalo huvimba, na hapo mama husema anaumwa chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, watu wakadhani ni vidonda vya tumbo. Ubongo ukifikiwa, kichwa huuma kwa namna isiyosikia dawa, macho huona vimulimuli au ukungu, kisha degedege.

Naujua ugonjwa huu kwa uchungu. Nikiwa na mwaka wa pili kazini kama mkunga, kwenye zahanati moja ya kijijini, kipima presha chetu kilikuwa kimeharibika kwa wiki tatu. Akaja mama wa mimba ya kwanza, miguu imejaa, analalamika kichwa. Nilibonyeza ugoko wake kwa kidole gumba, nikakitoa, shimo likabaki pale kama kwenye unga wa ugali. Nikamwambia miguu huvimba kwa wajawazito wengi, akapumzike, aje wiki ijayo. Alfajiri waliniamsha. Walimleta kwa baiskeli, wamemfunga kwa kitenge asianguke, mwili unatupatupa, amejing'ata ulimi. Mama alipona. Mtoto hakulia. Tangu siku hiyo mjamzito akinitajia kichwa, namkalisha chini na kumpima kabla sijamjibu neno.

Kwa hiyo nitakutenganishia dalili, ujue ipi ni ya kuvumilia na ipi ni ya kukimbia nayo, kisha tutarudi kwenye beseni lako.

Zile za mwanzo umeshazipita: hedhi kukatika, matiti kujaa na kuuma, kichefuchefu ambacho kwa wengi huanza karibu na wiki ya 6 na kupungua baada ya wiki ya 12 au 14, mate kujaa mdomoni, harufu ya kitunguu kinachokaangwa kuwa adui. Aliyefikia kutapika kila anachokunywa, mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, huyo amepita kiasi cha kawaida na anahitaji dripu. Kiungulia chako cha usiku ni cha kawaida. Mji wa mimba unasukuma tumbo juu. Kula kidogo kidogo, usilale mara tu baada ya chakula, inua kichwa kwa mito miwili. Kukojoa mara kwa mara, mgongo kuuma, mguu kukaza usiku, tumbo kukaza kidogo kisha kuachia bila mpangilio, hayo yote hutokea. Choo kigumu na cheusi mara nyingi ni vile vidonge vya kuongeza damu. Usiviache. Ongeza maji, matembele na papai, na usivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na kama umeanza kula ule udongo unaouzwa sokoni, waambie kliniki wakupime damu. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huongeza tatizo.

Miguu kuvimba jioni na kunywea ukilala usiku, hilo pia hutokea. Ukiamka uso umevimba, vidole vikanenepa hadi pete ikagoma, hapo pima presha siku hiyohiyo. Kichwa kinachouma mfululizo, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo, damu yoyote ukeni, maji kumwagika kabla ya uchungu, homa, mtoto kupunguza kucheza: kwa lolote kati ya haya usingoje tarehe ya kliniki, nenda usiku huohuo. Usimwulize jirani kama naye aliwahi kuwa hivyo. Na kwa maumivu usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Hasa baada ya wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto tumboni.

Sasa beseni. Nalo kwako lina haraka, na sababu ni presha hiyohiyo. Ukichukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ukaongeza siku 7 na miezi 9, unapata tarehe 17 Desemba, ndiyo uliyoandikiwa kwenye kadi. Lakini mwenye hali kama yako madaktari kwa kawaida hawamfikishi wiki ya 40. Wiki ya 37 ikitimia humwanzishia uchungu, na presha ikipanda vibaya hawangoji hata hiyo. Wiki yako ya 37 inatimia tarehe 24 Novemba. Mfuko wako unatakiwa uwe tayari wiki hii.

Kitu cha kwanza ni khanga. Nimeona kina mama wakija wodini na sanduku la magurudumu, ndani mna magauni kumi na mawili ya mtoto, viatu na kilemba cha maua, na hakuna hata khanga moja. Mtoto anatoka tumboni amelowa, anatoka kwenye joto la mama na kuingia kwenye chumba cha feni. Dakika hiyo hahitaji gauni. Tunamfuta kwa khanga ya kwanza, mgongo, kichwa na kwapani, na kule kufuta kwenyewe kunamwamsha avute pumzi. Khanga hiyo ikilowa tunaitupa kando, mtoto tunamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tunawafunika wote wawili kwa khanga ya pili iliyo kavu, na kofia kichwani. Ya tatu ni ya kumbebea, ya nne ni yako wewe. Doti mbili zinatosha.

Usije na khanga mpya ya dukani. Ina wanga, ni ngumu, na maji huteleza juu yake badala ya kufyonzwa. Ifue mara mbili tatu hadi ilainike, ianike juani, ipige pasi, ifunge kwenye mfuko safi. Zile khanga za zamani za mama mkwe, zilizolainika kwa miaka ya kufuliwa, ni bora kuliko zote. Mwombe.

Kwa mtoto weka kofia mbili, soksi jozi mbili au tatu, fulana au magauni manne mepesi yanayofunguka mbele, blanketi jepesi, na nepi. Za kitambaa kumi na mbili zinafuliwa na kurudi, na ukiweza pakiti moja ndogo ya pampasi kwa zile siku za hospitali, sawa. Nguo za mitumba hazina ubaya wowote. Zifue kwa sabuni, zipate jua kali, zipige pasi hadi kwenye mishono. Kwa kuwa mtoto wako anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, usinunue za miezi sita ukidhani atazikuta. Chukua ndogo kabisa. Akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, huenda wakakufundisha kumbeba kifuani kama kangaruu, na hapo vazi lake litakuwa kofia, soksi, nepi na kifua chako.

Kwako wewe: pedi kubwa pakiti mbili, chupi za pamba, gauni linalofunguka kifuani, kandambili, mswaki, sabuni ya mche, beseni na ndoo ndogo, chupa ya chai kwa ajili ya uji. Halafu waulize wakunga wa kituo chako vifaa gani vya kujifungulia unatakiwa ubebe. Vituo vingine huagiza glovu, pamba, mpira wa kulalia, wembe na kibanio cha kitovu. Linaniumiza hili, kwa sababu huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali imetangazwa kuwa haina malipo, na mjamzito hastahili kulala na wasiwasi wa bei ya glovu. Lakini sitaki ufike saa nane usiku ndipo mumeo aanze kugonga maduka ya dawa. Ulizia mapema.

Kadi ya kliniki ikae juu kabisa ya mfuko. Mkunga atakayekupokea usiku hakujui. Kadi ndiyo itakayomwambia presha yako, kundi lako la damu, majibu ya vipimo na dawa unazotumia.

Usivyovihitaji ni vingi, na hapo ndipo fedha ya kuungaunga inapookolewa. Chupa ya kunyonyeshea na kopo la maziwa, acha. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja, na yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, dang'a, usiyakamue na kuyamwaga kama wanavyoshauri wengine. Yana kinga ya magonjwa. Baada ya hapo ni maziwa yako tu hadi miezi sita, bila maji, bila uji. Poda acha, humwingia kwenye mapafu. Wanja acha pia, kwa kuwa aina nyingi zina madini ya risasi. Mto wa kulalia hauhitajiki. Mtoto alale chali, kichwa kikiwa sambamba na mwili. Kitovu kisipakwe mafuta, majivu, mate wala dawa ya majani. Kiache kikavu, nepi ikunjwe chini yake, kitadondoka chenyewe. Na usiwe na haraka ya kumwogesha. Ule utando mweupe aliozaliwa nao unamlinda. Uogeshaji wa kwanza ungoje angalau saa 24.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Wanawake wa rika lake wengi wamezika watoto wachanga, na neno mkosi huenda ndiyo njia yake ya kusema anaogopa kuona kanguo kanakobaki bila mwenyewe. Nami nimezikunja nguo hizo, najua zinavyokuwa nzito mkononi. Basi mwambie hutanunua mapambo wala kitanda. Khanga, kofia na nepi ni vifaa vya kujifungulia tu, na mfuko autunze yeye chumbani kwake. Umwonyeshe kadi ilipo. Umweleze dalili nilizotaja, maana mwenye degedege hawezi kujisemea. Yeye ndiye atakayekuwa nawe mchana mumeo akiwa kazini, na akikuona umebadilika ndiye atakayepiga simu. Namba ya dharura ya mpango wa m-mama ni 115, haina malipo, na hutafuta usafiri wa kumpeleka mjamzito au mtoto mchanga hospitali. Aiandike mlangoni kwa kalamu nzito. Hata hivyo wekeni fedha ya bajaji pembeni, isiguswe, na ndugu wawili wenye kundi la damu linalokufaa wajulishwe.

Jambo moja wengi hawaambiwi: kujifungua hakumalizi presha hii siku hiyohiyo. Degedege inaweza kuja baada ya mtoto kutoka, hasa wiki ya kwanza, na presha huweza kusumbua hadi wiki ya 6. Kichwa kikirudi ukiwa unanyonyesha, rudi hospitali. Na ukija kubeba mimba nyingine, mwambie mkunga habari hii mapema, kabla ya wiki ya 20, wakupe aspirini ya dozi ndogo, ambayo hupunguza uwezekano wa hali hii kurudi.

Umesema vipimo vyako ni Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi hii nenda naye mama mkwe, umwombe muuguzi amwonyeshe namba mbili za presha yako kwenye mashine, ya juu na ya chini, ajue zikifika ngapi asikusikilize utakapomwambia ni joto tu.