Usingoje Mavuno Kutibu Sikio



Leo tujifunze juu ya sikio. Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika darasa langu moja alikuwako mama wa makamo, siku zote anakaa nyuma. Nikimwuliza neno, hajibu. Nikisema andikeni "baba", yeye anaandika "saba". Nikamkaripia mbele ya wenzake kwamba hataki kujifunza. Wiki mbili hakuonekana. Nilipokwenda kwake, mkwewe akaniambia, "Mwalimu, mama hasikii vizuri toka mwaka jana."

Niliona aibu. Tukaenda naye zahanati. Mganga akamulika ndani ya masikio. Kumbe yote mawili yamezibwa na nta ngumu! Akapewa matone ya kuilainisha, na baada ya siku chache nta ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Akarudi darasani, akakaa mbele.

Si kila uziwi ni nta. Lakini wewe mwenyewe huwezi kujua, wala jirani yako mwenye njiti na unyoya wa kuku hajui. Mtaalamu ana chombo cha kutazamia ndani.

Sikio hufanyaje kazi? Sauti huingia tunduni na kupiga ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Ngoma hiyo hutikisa vifupa vitatu vidogo mno. Navyo hupeleka mtikisiko kwenye sikio la ndani, kisha habari hufika kwenye ubongo. Humo humo ndani mna vijia vitatu vyenye maji, vimepinda kama nusu ya bangili. Hivyo hutusaidia kujua kichwa kinageuka upande gani, tusianguke.

Kwa hiyo mtu anayeyumba huenda anaumwa sikio, nasi tunasema eti amelewa, au amerogwa. Wako watu wakigeuka tu kitandani, nyumba yote inazunguka kwa muda mfupi. Mara nyingi ni chembe za chokaa za sikio la ndani zimehama mahali pake. Daktari huweza kuzirudisha kwa kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Lakini kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono mmoja kulegea, huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa usaha. Wazazi husema, "Akikua utakwisha." Hapana! Usaha ukikaa huharibu ngoma ya sikio, tena huweza kuingia mfupa wa nyuma ya sikio mpaka kwenye ubongo. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, na mtoto ana homa, usingoje kesho. Usitie mafuta ya moto wala maji ya majani. Na sindano za kununua ovyo ziacheni: dawa kama jentamaisini, isipopimwa vizuri, huweza kuua usikivu kabisa.

Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kelele, au wa mwaka mmoja na nusu asiyesema hata neno moja, mweleze mganga wa kliniki mapema. Hata asiposikia kabisa, ana haki ya kusoma. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974.

Na wazee je? Tunasema, "Ni uzee tu," tunawaacha pembeni ya mazungumzo. Wengi wao hufaidika na kifaa cha kusikia. Anzeni zahanati, ombeni barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mtu aliyepoteza usikivu ghafla, kwa siku moja au mbili, asikawie hata kidogo, maana tiba yake hufaa zaidi siku za mwanzo.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Kijijini kwenu watu hutia nini sikioni?
2. Je, yuko mtu mnayemwita mkaidi, naye labda hasikii? Nani atakwenda naye zahanati?