Pikipiki inazima ikipata moto: pima kwanza, spea baadaye

Leo mbolea na dawa tuviweke pembeni, tuongee kuhusu pikipiki. Huku kwetu Rungwe maziwa, ndizi na parachichi vya wengi wenu vinatoka shambani kwa pikipiki. Ikikuzimia njiani, soko halikusubiri. Nayasema haya kwa aibu kidogo, maana yaliyonikuta niliyataka mwenyewe.

Pikipiki yangu ni ya kawaida tu, cc 125, ya kabureta, injini inapozwa kwa upepo. Masika iliyopita ilianza tabia moja: asubuhi inawaka kwa kiki moja, unaenda vizuri dakika 15 au 20, halafu inapungua nguvu, inakohoa, inazima. Ukikaa pembeni dakika kumi inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Nikasema basi, hii inasumbuliwa na moto.

Nikaenda kwa fundi na jibu langu mfukoni. Tukabadilisha plagi, 5,000. Ikazima. Tukabadilisha koili, 18,000. Ikazima. Tukaweka kabureta mpya, 45,000. Pamoja na ufundi nikawa nimetoa 80,000.

Siku moja kijana mfugaji wa hapa kijijini akaniomba nimpitishie maziwa kituoni, keni mbili za lita 20, kwa kuwa nilikuwa naelekea Tukuyu. Nikakubali. Pikipiki ilizima mara tano. Maziwa yaliyokamuliwa saa 12 asubuhi yalifika kituoni saa 5 na nusu. Yakapimwa kwa alkoholi, yakaganda, yakakataliwa. Kijana akaniambia tu, "Hamna shida bwana shamba." Shida ilikuwepo. Nilimlipa 40,000 yake, lakini wiki nzima hakunipa maziwa tena.

Kosa lilikuwa wapi

Nikikuta mkulima ameona majani ya njano akakimbilia dukani kununua dawa, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza: umepima nini? Kwenye pikipiki nilifanya kosa lilelile. "Inazima ikipata moto" ni dalili, siyo ugonjwa. Magonjwa yenye dalili hiyo yako kadhaa, na dawa zake hazifanani.

La pili, nilikuwa nampelekea fundi pikipiki ikiwa imeshapoa. Ikipoa, ni nzima. Kipimo lazima kifanyike palepale ilipozimia, ikiwa bado ina moto.

Ikizima, fuata mpangilio huu

Paki mahali salama, zima swichi, na usiruhusu sigara karibu.

1. Fungua mfuniko wa tangi. Mfuniko una kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Kikiziba, mafuta yakishuka hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, tangi linayavuta, na kabureta inakosa mafuta. Ukifungua ukasikia "fyuu", kisha pikipiki ikawaka hapohapo bila kusubiri ipoe, umeshapata jibu. Dalili nyingine: inazima haraka zaidi siku uliyojaza tangi, kwa sababu hewa iliyomo ni kidogo.

2. Angalia kama mafuta yanafika. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Kinga chupa safi, ilegeze, fungua koki. Mafuta yatoke mfululizo. Yakidondoka kidogo kidogo na mfuniko uko wazi, safisha koki na chujio. Yaache kwenye chupa yatulie: maji yatakaa chini. Wanaonunua petroli ya kwenye chupa za barabarani, hapa ndipo penu.

3. Angalia cheche. Funga koki, kaza skrubu, futa mafuta yote yaliyomwagika. Toa plagi kwa spana (ina moto, tumia kitambaa), irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini mbali na tundu la plagi, kisha piga kiki. Cheche iwe kali, ya bluu. Kama haipo au ni hafifu, weka plagi ya akiba ujaribu tena. Bado haipo? Shuku koili au nyaya. Koili mbovu inaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata moto, ndiyo maana gereji inaonekana nzima. Kwa kawaida tatizo la umeme huzima ghafla, la mafuta hukohoa kwanza.

4. Sikiliza mguu wako. Kiki ikiwa nyepesi kuliko asubuhi, huenda valvu zimebana sana, na zikipata moto hazifungi vizuri. Hii mpe fundi. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki yako.

5. Tazama plagi uliyoitoa. Nyeusi yenye masizi? Angalia kama choki imesahaulika au chujio la hewa limejaa vumbi. Angalia pia oili haijapungua, na osha matope yaliyoziba mapezi ya injini.

Yangu ilikuwa ipi?

Namba moja. Mvua zilipoanza nilikata kipande cha nailoni nikakiweka chini ya mfuniko ili maji yasiingie kwenye tangi. Nikasahau. Zile dakika kumi za "kupoa" hazikuwa za kupoa, hewa ilikuwa inapenya polepole. Laki moja na ishirini, ukijumlisha na maziwa, kwa kipande cha nailoni!

Kwa hiyo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika kwenye daftari ulichofanya, na jiulize kama kuna kitu uligusa siku chache kabla tatizo halijaanza. Mimi ningejiuliza hilo tu, ningemaliza kazi siku ya kwanza. Ukishatengeneza, iendeshe nusu saa ukiwa umebeba mzigo wa uzito uleule, keni zijae maji. Isipozima, ndipo ubebe maziwa ya mtu.